Amonia Viwandani: Harufu ni Onyo, Si Kipimo cha Usalama

Viwanda vya kuchakata samaki, nyama, maziwa, vinywaji na barafu hutegemea mitambo mikubwa ya kupoza, na mingi kati ya mitambo hiyo hutumia amonia. Kemikali hiyo huchemka katika nyuzijoto 33 chini ya sifuri na hufyonza joto jingi inapogeuka kuwa mvuke. Aidha, haiharibu tabaka la ozoni. Hata hivyo, amonia ni sumu inayounguza macho, ngozi na mapafu, na huweza kulipuka inapofikia asilimia 15 hadi 28 ya hewa iliyomo ndani ya chumba.

Harufu yake kali humwezesha mtu kutambua uvujaji mapema, lakini pua huizoea harufu hiyo na haiwezi kupima kiwango chake. Taasisi ya Taifa ya Usalama na Afya Kazini ya Marekani (NIOSH) inapendekeza wastani usiozidi sehemu 25 za amonia katika sehemu milioni moja za hewa kwa siku ya kazi. Kiwango cha sehemu 300 huhesabiwa kuwa hatari ya papo hapo kwa uhai. Ndiyo maana chumba cha mitambo huhitaji vigunduzi vya gesi, feni za kutoa hewa na swichi ya kuzima mtambo iliyo nje ya mlango.

Madhara ya kupuuza onyo yalionekana Oktoba 17, 2017 katika mji wa Fernie, nchini Kanada, ambako wafanyakazi watatu walifariki baada ya amonia kuvuja katika ukumbi wa michezo ya barafuni. Uchunguzi ulibaini tundu dogo kwenye bomba la mtambo uliochakaa. Dalili za uvujaji zilikuwa zimeonekana kabla ya siku hiyo, lakini mtambo ulirejeshwa kazini.

Nchini Tanzania, Sheria ya Usalama na Afya Mahali pa Kazi Na. 5 ya mwaka 2003, inayosimamiwa na OSHA, inamtaka mwajiri kulinda usalama na afya ya wafanyakazi wake. Usimamizi wa kemikali za viwandani uko chini ya Mamlaka ya Maabara ya Mkemia Mkuu wa Serikali. Kwa upande wa mitambo yenyewe, kiwango cha kimataifa cha ISO 5149 kinaeleza usanifu, ufungaji, uendeshaji na matengenezo salama.

Kazi ya kutoa mafuta kwenye mtambo inahitaji uangalifu wa pekee, kwani amonia huweza kutoka pamoja na mafuta hayo. Ifanywe na fundi aliyefunzwa, akiwa na vifaa vya kujikinga, kwa kutumia vali inayojifunga yenyewe mkono unapoiachia.

Wananchi wanaoishi jirani na viwanda wanapohisi harufu kali wanashauriwa kuondoka kwa kukata pembeni mwa upepo, na kutoufuata upepo unakoelekea. Wasioweza kutoka wafunge milango na madirisha. Aliyeingiwa na amonia machoni aoshwe kwa maji safi mengi kwa muda usiopungua dakika 15, kisha apelekwe hospitali. Taarifa itolewe mara moja kwa Jeshi la Zimamoto na Uokoaji kupitia namba 114, bila kusubiri harufu ipungue.