Sarafu za Kilwa: Sifa za Mola katika Vina

Mataifa kadhaa ya kale yalitia dini katika sarafu kwa njia ya picha. Baadhi ya sarafu nzito za shaba nyeusi za Volterra, mji wa Waetruski katika Italia ya kale, zina kichwa chenye nyuso mbili upande mmoja na pomboo upande wa pili. Masultani wa Kilwa walifuata njia nyingine: sarafu zao za shaba hazina sura ya mtu wala ya mungu, bali maneno. Hoja ya makala haya ni kwamba maneno hayo yanastahili kusomwa na wanafunzi wa fasihi, si na wanahistoria peke yao.

Upande mmoja wa sarafu hizo una jina la mtawala. Upande wa pili una kauli ya kumtumainia Mungu. Pande hizo hufungwa kwa kina kimoja. Sarafu ya Ali bin al-Hasan yasema kuwa anamtumainia Mola wa neema, na neno la Kiarabu la neema, minan, lapatana na Hasan. Al-Hasan bin Sulaiman, aliyekuwa akitawala Ibn Battuta alipofika Kilwa mwaka 1331, anamtumainia Mmoja, al-Mannan, yaani Mpaji. Hapo kina kinaitika Sulaiman. Kwa hiyo, jina la mtawala ndilo lililoongoza uchaguzi wa sifa ya Mungu. Asomaye upande mmoja tu huukosa usemi mzima.

Nyingi za sarafu hizi hazina tarehe, na kwa muda mrefu wataalamu walitegemea nasaba zilizomo katika tarikhi ya Kilwa. Mwaka 1984, huko Mtambwe Mkuu, Pemba, zilipatikana sarafu za fedha zaidi ya 2,000 pamoja na dinari za Wafatimi. Ugunduzi huo ulirudisha mtindo huu nyuma hadi karne ya 11.

Je, huu ni ushairi wa Kiswahili? La; lugha yake ni Kiarabu. Hata hivyo, Mola na Manani ni maneno ambayo washairi wa Kiswahili wameyatumia kumtaja Mungu, na mwanafunzi wa Tandala, mkoani Njombe, mbali na pwani, huweza kukutana nayo katika mashairi ya darasani. Hatuwezi kudai kwamba utenzi ulizaliwa na sarafu. Tunaloweza kusema ni kwamba karne nyingi kabla ya Utendi wa Tambuka, ambao mswada wake una tarehe ya 1728, kumtaja Mungu kwa vina kulikwisha kuzoeleka pwani, tena katika kitu kilichopita mkononi mwa mnunuzi na muuzaji.

Mtafiti wa chimbuko la ushairi wetu, basi, hana budi kuvuka mipaka ya miswada na kuvisoma pia vitu vilivyofukuliwa ardhini.