Umeme wa Vyombo vya Muziki: Athi Isikatwe!

Leo tunazungumzia hatari inayojificha penye furaha.

Msimu wa harusi ukifika, iwe Likoni, Kisauni au Changamwe, turubai hufungwa, spika hupangwa na waya huvutwa kutoka nyumba za majirani. Fundi akiwasha, spika zinavuma: mmmm! Mara nyingi mvumo huo hutokea kwa sababu vyombo vimechomekwa kwenye soketi zenye njia tofauti za kwenda ardhini. Baadhi ya mafundi hukata ule waya wa kijani na manjano ndani ya plagi, waitao athi. Mvumo unanyamaza. Je, wamefanya vyema? La, hasha!

Athi ni mlinzi wa maisha. Umeme wa nyumbani kwetu ni volti 240. Waya ukichubuka ndani ya amplifaya ukagusa bati lake, athi huupeleka umeme ardhini, na fyuzi hukatika. Athi ikikosekana, bati, nyuzi za gita na hata maikrofoni huweza kubaki na umeme. Mwimbaji mwenye jasho, aliyesimama miguu mitupu kwenye mchanga uliolowa, akishika tu, umeme humpitia mwilini. Misuli hukaza asiweze kuachia, na moyo huweza kusimama. Mwaka 1972, mpiga gita Les Harvey wa Uskoti alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, alipogusa maikrofoni isiyokuwa na athi ifaayo.

Tufanyeje basi?

Kwanza, vyombo vyote vya jukwaani vichukue umeme mahali pamoja, penye athi nzima.

Pili, mvumo ukibaki, tumia kisanduku cha kutenganisha waya wa sauti. Athi ya umeme isiguswe.

Tatu, weka swichi ya usalama ya miliampia 30, inayojizima umeme unapovuja.

Nne, viungo vya waya visilale penye maji.

Mtu akinaswa, usimshike! Zima swichi kuu kwanza. Ikishindikana, simama pakavu, umsukume kwa ubao mkavu. Kama hapumui, bonyeza katikati ya kifua kwa nguvu, mara 100 hadi 120 kwa dakika, huku mwingine akitafuta gari. Hata akizinduka, apelekwe hospitali.

Ndugu msikilizaji, kabla ya bibi harusi kuingia, muulize fundi: athi ipo? Kinga ni bora kuliko tiba. Kwaheri.