Jiko la Nyumbani na Sheria: Kabla Hujauza Mandazi ya Kwanza

Ikiwa uko jikoni unakanda unga wa kesho, endelea na kazi yako lakini tega sikio, maana mazungumzo ya leo ni yako.

Hapa kwetu Kibugu ziko nyumba nyingi ambazo moshi wake huanza kupanda saa kumi alfajiri. Mama anakaanga mandazi ya wachumaji wa majani chai. Kijana anachemsha githeri ya mafundi na watu wa bodaboda. Mwingine anaoka keki, mwingine anasaga njugu na kuzitia katika mikebe. Hakuna bango wala duka. Chakula kinatoka jikoni ndani ya beseni, kinafika stendi, sokoni au kwenye lango la shule, na pesa inayorudi ndiyo inayolipa karo. Ni kazi ya heshima. Lakini ninapowauliza wenye kazi hii kuhusu sheria, wengi hunijibu, "Sista, mimi sina hoteli. Sheria ya hoteli yanihusu nini?"

Ndugu yangu, yakuhusu. Sheria haiangalii ukubwa wa jengo, inamwangalia anayekula. Mara tu unapopokea shilingi ya mtu kwa chakula ulichopika, iwe ni kwenye meza ya hoteli au kwenye beseni la kichwani, umeingia ndani ya sheria.

Kisa cha mama wa mandazi

Nikueleze jambo nililoliona mwenyewe. Palikuwa na mama mmoja, jina lake silitaji, aliyetuletea mandazi kazini kila asubuhi. Sisi wauguzi tulikuwa wateja wake wakubwa. Alikuwa mtu nadhifu: kitambaa kichwani, aproni safi, beseni limefunikwa. Siku moja nikamwuliza kama ana cheti cha afya. Akacheka. "Sista, nimekulisha miaka miwili na hujaumwa na tumbo. Cheti changu ni wewe."

Nilimsihi akapimwe, akakubali. Kinyesi chake kilipatikana na amiba. Hakuwa akiharisha, hakuwa na homa, wala tumbo halikumsokota. Alipopewa majibu alilia, na hakulilia ugonjwa. Alililia karo, kwa kuwa binti yake alikuwa kidato cha tatu na mandazi hayo ndiyo yaliyomsomesha. Alidhani biashara imekufa.

Haikufa. Alipewa dawa. Kwa muda huo dada yake alishika beseni, baada ya yeye pia kupimwa. Mama yule alipimwa tena, akawa hana kitu, akapata cheti chake na kurudi kazini. Nasi wateja wake tulipanga foleni kwenye maabara kwa aibu, maana swali lile nilipaswa kuliuliza miaka miwili mapema.

Mtu mzima wa afya anaweza kubeba ugonjwa

Hapo ndipo wengi wanapokosea. Tunadhani mpishi mgonjwa ni yule anayekohoa au anayekimbilia choo. Kumbe vijidudu vya homa ya matumbo, yaani taifodi, na vile vya amiba, vinaweza kuishi ndani ya mtu ambaye hasikii maumivu yoyote. Vinatoka na kinyesi, vinabaki kwenye mikono isiyooshwa vizuri, vinaingia kwenye chakula.

Mfano unaojulikana duniani kote ni wa Mary Mallon, mpishi wa majumbani huko New York, Marekani. Mwaka 1907 ilibainika kwamba nyumba alizopikia zilikuwa zikipatwa na taifodi, ilhali yeye mwenyewe alikuwa mzima. Alitengwa hadi 1910, akaachiliwa kwa ahadi kwamba hatapika tena. Akajaribu kazi ya kufua nguo, lakini malipo yalikuwa madogo kuliko ya upishi. Akabadilisha jina na kurudi jikoni. Mwaka 1915 alipatikana akipika katika hospitali ya akina mama wajawazito, ambako watu 25 waliugua na wawili wakafa. Alitengwa tena hadi alipofariki mwaka 1938.

Mary na mama wetu wa mandazi walikuwa na hofu moja, ya kupoteza riziki. Lakini zama za Mary hapakuwa na dawa ya kumponya. Leo dawa ipo, na kipimo kipo. Anayejificha leo anajificha bure.

Sheria zenyewe

Sheria kuu ni mbili. Ya kwanza ni Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, iliyoanza mwaka 1921. Ya pili ni Sheria ya Chakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, ya mwaka 1965, ambayo ilipata Kanuni za Usafi wa Chakula mwaka 1978. Kisha Katiba ya 2010 ikazipa kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia wanaouzia umma chakula. Kwa hivyo sisi wa Kibugu mambo haya tunayafuata kwa serikali ya Kaunti ya Embu.

Unahitaji karatasi tatu.

Kwanza, cheti cha afya. Hiki ni cha mtu, si cha biashara. Kila anayegusa chakula awe nacho: wewe, binti yako anayekusaidia, na kijana anayebeba beseni. Utapimwa kinyesi, na utaangaliwa ngozi, kucha na kifua. Cheti hudumu miezi sita tu, kwa sababu aliye safi Januari anaweza kuambukizwa Machi. Na nitoe hofu moja: virusi vya Ukimwi havienezwi kwa chakula. Anayeishi na virusi hivyo anaweza kupika na kuuza kama mtu mwingine yeyote.

Pili, leseni ya usafi wa chakula. Hii ni ya mahali unapopikia. Afisa wa afya ya umma, yule tunayemwita Bwana Afya hata akiwa mama, atakuja kukagua jiko kabla ya kukuandikia.

Tatu, kibali cha biashara cha kaunti, kinacholipiwa kila mwaka. Ada hutegemea aina na ukubwa wa biashara, basi uliza kwanza kabla ya kuogopa.

Jiko litakaguliwa nini?

Hapa mwenye biashara ya nyumbani asikilize sana. Sheria ya Afya ya Umma inakataza mtu kuishi au kulala katika jiko au chumba ambamo chakula cha kuuza kinatayarishwa au kuwekwa. Ikiwa watoto wanalala palepale unapokandia unga, au magunia ya unga yako chini ya kitanda, hapo huwezi kupita. Na ikiwa jiko lako ni lile la nje ambamo kuku wanapanda juu ya kuni usiku, waondoe kwanza. Tenga chumba, hata kiwe kidogo, chenye mlango unaofungwa, sakafu inayoweza kuoshwa na dirisha la kutoa moshi.

Weka maji na sabuni karibu na mlango. Ndoo yenye mfereji inatosha. Maji ya mto Rupingazi yanatoka Mlima Kenya na yana baridi tamu, lakini baridi haiui kijidudu. Yachemshe. Choo kiwe mbali na jiko, takataka zifunikwe. Chakula kibichi na kilichoiva visikae pamoja. Funika nywele, funga kidonda. Ukiharisha, pumzika, na usirudi kupika mpaka siku mbili zipite tangu kuharisha kuishe.

Usifungie mandazi katika karatasi za daftari la mtoto au gazeti kuukuu. Wino na uchafu huhamia kwenye mafuta. Wala usitafute mifuko ya plastiki ya kubebea, iliyopigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017. Tumia karatasi safi za khaki.

Unachonunua nacho kina sheria

Sheria inakataza kuuza chakula chenye sumu au kilichooza, hata kama hukujua. Mahindi na njugu zilizoota kuvu huwa na sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haiishi kwa kuchemsha. Mwaka 2004, kule Makueni, Kitui na majirani zao, watu 317 waliugua kwa kula mahindi yenye sumu hiyo, na 125 kati yao wakafariki. Mahindi yakinuka uvundo au yakibadilika rangi, usiyatie kwenye githeri ya watu ati kwa sababu yalikuwa ya bei nafuu.

Nyama inunuliwe mahali inapopigwa muhuri na mkaguzi. Anayeuza maziwa au maziwa lala anahitaji pia kibali cha Bodi ya Maziwa ya Kenya. Na anayefunga bidhaa kwa jina lake, kama siagi ya njugu au unga wa uji, aende KEBS, Shirika la Ubora wa Bidhaa, apate alama ya ubora. Kibandiko kitaje jina la bidhaa, viungo, uzito, mtengenezaji, na tarehe za kutengenezwa na kuharibika.

Bwana Afya akibisha hodi

Afisa ana haki ya kuingia na kukagua mahali pa chakula kwa saa zinazofaa. Wewe nawe una haki ya kumwomba kitambulisho. Akikuta kasoro anaweza kukupa notisi yenye muda wa kurekebisha. Isome, uliza usichoelewa, rekebisha. Ukiidharau, biashara inaweza kufungwa na wewe ukapelekwa kortini. Kila ada lipa kwa risiti rasmi. Cheti kilichonunuliwa bila kupimwa ni hatari mara mbili, kwako na kwa wanaokula. Julai 2017, kipindupindu kilipozuka Nairobi na kuwapata hata wageni wa hoteli kubwa, Waziri wa Afya wa wakati huo, Cleopa Mailu, alifuta vyeti vya wapishi na kuagiza wapimwe upya. Karatasi peke yake haikuwa imemlinda mtu.

Mambo ya kukumbuka

1. Pima afya kila miezi sita, wewe na kila anayekusaidia.
2. Usilale wala kuhifadhi vitu vya nyumbani katika jiko la biashara.
3. Leseni ya usafi na kibali cha kaunti, vyote viwe hai.
4. Maji yachemshwe, mikono ioshwe kwa sabuni, chakula kifunikwe.
5. Lipa kwa risiti rasmi tu.

Ikiwa hujui pa kuanzia, anza na kituo cha afya kilicho karibu nawe. Uliza afisa wa afya ya umma. Nenda kabla hajakuja, naye atakueleza jiko lako linakosa nini wakati bado unaweza kulitengeneza polepole.

Yule binti wa mama wa mandazi alimaliza kidato cha nne. Mama yake bado anapika, na kila baada ya miezi sita mimi ndiye anayenikumbusha, "Sista, siku zangu za kupimwa zimefika."

Kinga ni bora kuliko tiba. Hadi wiki ijayo, nakutakia afya njema na biashara njema. Kwaheri.