Puto la Hewa na Shamba la Nachingwea

Mkulima wa Nachingwea ama wa Ruangwa hana vuli na masika kama ndugu yake wa Tanga. Yeye ana msimu mmoja tu, tangu Novemba au Desemba hata Aprili au Mei. Mvua ya kwanza hunyesha, watu wakatoka na majembe, mahindi yakachipua. Kisha jua likawaka wiki mbili tatu, miche ikafa. Je, mvua ile ilikuwa ya msimu ama ya hadaa?

Jawabu haliko chini, liko juu. Hewa ya karibu na ardhi yaweza kuwa na unyevu tele, watu wakatoka jasho mchana kutwa, lakini kilomita mbili tatu juu yake pakawa na hewa kavu inayozuia mawingu yasikue. Kipimo kilichosimikwa uwanjani hakiwezi kuliona jambo hilo. Ndiyo sababu wataalamu hurusha puto lililojazwa hidrojeni au heliamu, likiwa limefungwa chombo kidogo chenye redio, kiitwacho radiosondi. Puto hupanda kama mita 300 kwa dakika, na chombo huleta habari za joto, unyevu na kanieneo ya hewa. Na jinsi linavyochukuliwa ndivyo ujulikanavyo upepo wa huko. Likifika kama kilomita 30 hupasuka. Saa zilizokubaliwa ulimwenguni kwetu ni saa tisa usiku na saa tisa alasiri, ili hewa ya dunia ipimwe kwa wakati mmoja.

Wako watakaouliza: fedha za umma zipasuke angani? Ni kweli puto hutumika mara moja tu. Lakini Nachingwea yenyewe ni shahidi wa gharama ya kutojua. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa karanga Kongwa, ukaenea Urambo na Nachingwea, kwa matrekta na mamilioni ya pauni, bila kumbukumbu za kutosha za mvua. Mwaka 1951 ukaachwa. Sisemi puto lingeziokoa karanga zile, maana udongo nao uligoma.

Tena kuna vimbunga. Aprili 2019 watu wa Mtwara waliambiwa wajihadhari na Kenneth, nacho kikaingia kaskazini mwa Msumbiji. Wengine wakanung'unika kuwa wamesumbuliwa bure. Mei 2024 Hidaya alikuja kweli, na mafuriko yakaikata barabara ya Kusini huko Somanga. Kimbunga huongozwa na pepo za juu. Setilaiti huona vilele vya mawingu na kukisia yaliyomo. Puto hupita ndani na kupima, na kwa vipimo vyake makisio ya setilaiti husahihishwa.

Basi makadirio ya Mamlaka ya Hali ya Hewa yakifika Bungeni, wabunge wa Kusini waulize kwanza: mwaka huu maputo mangapi, na huku kwetu yatarushwa wapi?