Mama wa Kambo wa Bonde la Manipur

Wasomaji wetu waliokulia karibu na majumba ya sinema ya Mombasa, Unguja na Dar es Salaam hawahitaji kuelezwa sinema ya Kihindi ni kitu gani. Wengi waliimba nyimbo zake pasipo kujua maana ya maneno, na wakalia gizani pamoja na mama aliyepotezana na mwanawe sokoni. Lakini Bara Hindi lina lugha nyingi, na leo twapenda kuzungumza juu ya filamu iliyotoka pembe ya kaskazini-mashariki ya nchi hiyo, katika jimbo la Manipur, mpakani mwa Burma. Huko watu wa bondeni husema Kimanipuri, lugha isiyo na undugu wowote na Kihindi.

Filamu yenyewe ni Imagi Ningthem, iliyotengenezwa mwaka 1981 kwa rangi nyeusi na nyeupe. Nje ya nchi yake hutajwa kwa jina lenye maana ya Mwanangu, Johari Yangu. Aliyeiongoza ni Aribam Syam Sharma, mwanamuziki na msomi wa falsafa. Aliyeiandika ni M.K. Binodini Devi, binti wa Maharaja Churachand wa Manipur, mwanamke aliyezaliwa katika jumba la kifalme mwaka 1922 na kufariki mwaka 2011. Yafaa kukumbuka kwamba filamu ndefu ya kwanza ya Kimanipuri, Matamgi Manipur, ilionyeshwa mwaka 1972 tu, mwaka ule ule Manipur ilipofanywa jimbo kamili. Basi miaka kumi baadaye, mwaka 1982, Imagi Ningthem ilitunukiwa tuzo kuu katika tamasha la sinema la Mabara Matatu mjini Nantes, Ufaransa. Nyumbani India nako ilipata tuzo ya taifa, na mtoto Leikhendra, aliyecheza nafasi ya mvulana, akapewa tuzo yake mwenyewe.

Tuzo ni jambo la fahari, lakini sizo zilizotufanya tushike kalamu. Tulichokishikia kalamu ni kisa chenyewe.

Mwalimu wa kike, jina lake Dhani, anakwenda kufundisha kijijini. Huko anakutana na mtoto mdogo, Thoithoi, anayelelewa na babu yake. Mama yake, Memcha, alifariki wakati wa kumzaa. Baba hayupo, wala hatajwi. Kidogo kidogo mwalimu anagundua kwamba baba wa mtoto huyu ni Dinachandra, ambaye ni mume wa binamu yake mwenyewe, Ekashini. Siri inamfikia Ekashini. Basi msomaji aweke kitabu chini kidogo ajiulize: katika hadithi tulizosimuliwa utotoni, mke aliyegundua jambo kama hili hufanya nini?

Sisi tunajua hufanya nini. Mama wa kambo wa ngano zetu humnyima mtoto chakula, humtuma kisimani usiku, humpiga akilia, na mwishowe hupata malipo yake huku wasikilizaji wakipiga makofi. Ekashini hafanyi lolote katika hayo. Anamtafuta mtoto, anamchukua, anamfanya wake. Hatoi hotuba. Katika filamu hii hakuna aliyepigana wala aliyejitupa kutoka darini. Maumivu ya mke huyu yanaonekana katika namna anavyotazama, na katika kumhudumia mtoto ambaye kila siku uso wake unamkumbusha alivyodanganywa.

Twadhani hapo ndipo penye uzito. Lugha yetu, pamoja na utajiri wake wote, ina neno mwana haramu, na tunalitamka kwa wepesi wa kutisha. Kosa latendwa na watu wazima wawili, mara nyingi mmoja wao akimlaghai mwenzake, kisha jina la kosa anabandikwa yule ambaye hakuwapo. Wala hatukutunga neno kama hilo la kumwita baba. Imagi Ningthem haihubiri dhidi ya jambo hili. Inamweka mtoto mbele yetu, akicheza na kununa kama watoto wote, mpaka mtazamaji anaona haya kwa neno lililokuwa tayari ulimini mwake.

Pengine haikuwa bahati kwamba kisa hiki kilitoka Manipur. Mjini Imphal lipo soko kubwa, Ima Keithel, yaani soko la akina mama, ambamo wauzaji wote ni wanawake, na wamekuwa hivyo tangu zamani. Mwaka 1939 wanawake wa huko waliwainukia watawala kwa sababu mchele ulikuwa ukipelekwa nje ilhali wenyeji wana njaa. Mwandishi aliyekulia miongoni mwa wanawake wa namna hiyo hawezi kumwandika Ekashini kama mke wa kulia pembeni na kungoja mume aamue. Uamuzi ni wake.

Hata hivyo hatutaisifu filamu hii kupita kiasi. Dinachandra, kwa maoni yetu, ameponyoka kwa urahisi mno. Mkewe amebeba fedheha, mwalimu amebeba siri, mtoto amebeba upweke. Yeye amebeba nini? Naye Memcha amekwisha kufa kabla hatujamjua, na hivyo hatuwezi kumsikia akisema lolote kuhusu wema huu unaofanyika juu ya kaburi lake. Tungependa angalau tumsikie mara moja.

Lipo na jambo jingine ambalo watazamaji wengi hulipita kwa sababu macho yao yamejaa machozi ya furaha. Mtoto anapochukuliwa na mama mpya, kuna nyumba anayoondolewa. Babu alimlea mjukuu wake tangu siku aliyompoteza binti yake, na huruma ya Ekashini, pamoja na ukweli wake wote, inamwacha mzee huyo peke yake. Mtoto amepata mama. Mzee, aliyekwisha kumzika Memcha, anarudi katika nyumba isiyo na sauti ya mtoto.