Uso Unaovuta: Krimu Gani kwa Ngozi Iliyovuka Miaka Hamsini?

"Mama, hii inarudisha ujana. Wiki mbili tu, hata mzee nyumbani atashangaa."

Muuza vipodozi wa Kariakoo alisema hivyo huku akifungua kopo la krimu lisilozidi kikombe cha kahawa. Gramu 50, shilingi 85,000. Mama mdogo alilinusa, akalisogeza mbali na macho ajaribu kusoma maandishi, yakamshinda, akanikabidhi mimi. Ana miaka 61, anaishi Makambako, na Dar es Salaam alikuja kwa ajili ya harusi tu. Shida yake aliieleza kwa kifupi: "Mwanangu, uso unanivuta. Nikishanawa asubuhi naona kama vile umeanikwa juu ya moshi."

Nikamwomba muuzaji aniachie kopo nilisome. Kila kipodozi kinachofuata taratibu huorodhesha viambato kuanzia kilicho kingi hadi kilicho kidogo, na vile visivyofika asilimia moja vinaruhusiwa kupangwa vyovyote huko mwishoni. Hili lilianza na maji. Likafuata mafuta yatokanayo na petroli, kisha glisarini. Kolajeni, ambayo jina lake limeandikwa kwa herufi za dhahabu mbele ya kopo, niliikuta chini kabisa, nyuma ya manukato.

Nilicheka, mama mdogo akataka kujua nacheka nini. Tukaenda kukaa kwenye kibanda cha juisi ya miwa, nikaanza na neno lake mwenyewe: kuvuta.

Tabaka la nje kabisa la ngozi ni jembamba kuliko karatasi ya daftari. Mtafiti wa Marekani, Peter Elias, alilifananisha na ukuta wa matofali: seli zilizokufa ndiyo matofali, na katikati yake kuna udongo wa kuunganishia uliotengenezwa kwa mafuta ya aina tatu, yaani seramaidi, kolesteroli na asidi za mafuta. Seramaidi peke yake ni karibu nusu ya udongo huo. Ukuta ukiwa mzima, maji ya mwilini hutoka kidogo kidogo. Ukipata nyufa yanatoroka, seli zinasinyaa, na mtu anahisi uso umebana. Kwenye ngozi nyeusi ukavu huo unaonekana hata kwa mbali, kwa sababu magamba madogo yanarudisha mwanga na uso unapauka.

Umri unaushambulia ukuta huo kutoka pande kadhaa. Ngozi ya kijana hujibadili kwa takriban siku 28. Ya mtu mzima inaweza kuchukua siku 40 hadi 60. Mwanamke akikoma hedhi, estrojeni inashuka, na tezi za mafuta za usoni nazo zinapunguza kazi. Kolajeni, ule uzi unaoishikilia ngozi kwa ndani, hupungua kwa karibu asilimia 30 katika miaka 5 ya kwanza baada ya hedhi kukoma, kisha inaendelea kushuka polepole kila mwaka. Wanaume tezi zao zinaendelea kutoa mafuta hadi uzeeni kabisa. Ndiyo maana baba mdogo, anayenawa uso kwa sabuni ya mche na kujipaka chochote anachokikuta dirishani, bado anang'aa. Mama mdogo analihesabu jambo hilo kuwa dhuluma.

Sabuni ya mche yenyewe ni sehemu ya shida. Ngozi yenye afya ina uchachu kidogo, pH yake ikiwa karibu na 5. Sabuni za kipande nyingi ziko kwenye 9 au 10, na zinaondoka na ule udongo wa ukutani pamoja na vumbi. Kwa ngozi ya miaka 60 ambayo haina akiba ya mafuta, kunawa hivyo asubuhi na jioni ni kubomoa kila siku. Kwa hiyo hata kabla ya kununua krimu yoyote, asubuhi anawe kwa maji matupu, na jioni atumie kisafishaji laini kisichotoa povu jingi.

Sasa krimu. Krimu nzuri ina wafanyakazi wa namna tatu. Wapo wanaovuta maji na kuyashikilia: glisarini, yurea, asidi ya hialuroni. Wapo wanaojaza nyufa na kulainisha: seramaidi, siagi ya shea, mafuta ya mimea. Na wapo wanaofunika kwa juu ili maji yasitoke, na hapo mfalme ni mafuta ya mgando. Mkemia Robert Chesebrough aliyapatia hataza Marekani mwaka 1872, na inasimuliwa kwamba alikuwa akila kijiko kimoja kila siku. Aliishi miaka 96. Sishauri mtu ayale, ila kwenye kuzuia maji yasipotee hakuna krimu ya bei mbaya iliyoyashinda mpaka leo: yanaweza kuzuia karibu maji yote yanayopotea kupitia ngozi. Ubaya wake ni kwamba yananata, na kwenye joto la Dar mtu akiyapaka mchana anajuta. Usiku, tabaka jembamba juu ya uso wenye unyevu, hayana mpinzani.

Rudi sasa kwenye kopo la 85,000. Maji, mafuta ya petroli, glisarini. Kazi yote ilikuwa inafanywa na vitu vinavyouzwa kwa bei ya soda mbili tatu. Zilizobaki zilikuwa bei ya kopo, harufu na ahadi.

Kuhusu hiyo kolajeni, hata ingekuwa nusu ya kopo isingemfikisha mama mdogo anakotaka. Kwa kawaida ngozi hupitisha molekuli zenye uzito usiozidi dalton 500. Molekuli ya kolajeni ina dalton zipatazo 300,000. Ni sawa na kutaka kupitisha kabati la nguo kwenye tundu la kitasa. Kolajeni inayopakwa hubaki juu, inashika maji kidogo, na kesho inaondoka na kunawa. Asidi ya hialuroni yenye molekuli kubwa nayo inabaki juu vilevile, ingawa yenyewe angalau ni mshika maji mzuri.

Kitu kinachoweza kweli kuigusa kolajeni ya ndani ni retinoidi, ndugu wa vitamini A. Mwaka 1986 Albert Kligman na wenzake walichapisha matokeo yaliyoonyesha kuwa tretinoini inarekebisha ngozi iliyochakazwa na jua. Lakini hiyo ni dawa, na inaunguza kidogo mwanzoni. Kwa ngozi nyeusi mwasho huo una gharama yake: kila palipowashwa na kuvimba panaweza kuacha doa jeusi la miezi. Anayetaka kujaribu retinoli, ile nyepesi ya dukani, aanze usiku mara mbili kwa wiki, kiasi cha punje ya njegere kwa uso mzima, juu yake krimu ya kulainisha. Niasinamaidi ni ya upole zaidi. Ya asilimia 4 au 5 inasaidia ukuta wa ngozi na kufifisha madoa taratibu. Kama ningekuwa na nafasi ya kiambato kimoja tu cha anasa kwa mtu wa umri wake, ningechukua hiyo.

Hapo mama mdogo akaniuliza kuhusu mafuta ya nazi, maana yeye ni mzaliwa wa Tanga na hajawahi kuyaacha. Mwilini, mikononi, miguuni, endelea. Usoni yanaziba vinyweleo kwa watu wengi, na chunusi za uzeeni nazo zipo. Mafuta ya zeituni yana sifa kubwa kuliko yanavyostahili: utafiti uliochapishwa mwaka 2013 uliwapakaza watu wazima mafuta ya zeituni upande mmoja na ya alizeti upande mwingine. Ya zeituni yalidhoofisha tabaka la nje la ngozi, ya alizeti yaliliacha salama na kuongeza unyevu. Sababu ni aina ya asidi ya mafuta: zeituni ina oleiki nyingi inayolegeza ule udongo wa ukutani, alizeti ya kawaida ina linoleiki ambayo ngozi huitumia kutengeneza seramaidi. Watu wa Singida wasije wakapandisha bei kwa sababu yangu.

Kuna jambo moja ambalo sikulichukulia kwa utani. Kwenye meza hiyohiyo ya Kariakoo kulikuwa na makopo yasiyo na orodha ya viambato, na pembeni yake mkorogo uliofungwa kwenye vikopo vya plastiki. Muuzaji aliuita wa "kusafisha madoa". Ngozi ya utu uzima, yenye madoa na tayari imepungua unene, ndiyo inayowindwa zaidi na bidhaa hizi. Ndani yake mara nyingi huwa kuna haidrokwinoni, zebaki, au dawa kali za steroidi kama klobetasoli. Steroidi huifanya ngozi ing'ae kwa wiki chache, kisha inaikondesha hadi mishipa inaonekana, na ukiacha kupaka uso unalipuka vipele. Zebaki hupita kwenye ngozi na kwenda kuharibu figo. Tanzania viambato hivi vimepigwa marufuku kwenye vipodozi, na tangu 2019 usimamizi wa vipodozi uko mikononi mwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS). Mkataba wa Minamata wa mwaka 2013 nao unaibana zebaki duniani kote. Kwa mnunuzi, njia fupi ni hii: kopo lisilo na orodha ya viambato rudisha mezani, na ukiona maneno hydroquinone, mercury, calomel, clobetasol au betamethasone, rudisha haraka zaidi.

Tofauti na madoa, vile vinundu vidogo vyeusi vinavyojitokeza mashavuni mwa watu weusi wenye umri, kama vinavyoonekana kwa mwigizaji Morgan Freeman, havina madhara na hakuna krimu ya dukani inayoviondoa. Anayevichukia aende kwa daktari wa ngozi.

Kama kuna mahali pa kuongeza pesa, ni kwenye kinga jua. Ngozi nyeusi ina kinga yake ya asili, iliyopimwa mwaka 1979 na kuonekana kuwa sawa na SPF 13 hivi, dhidi ya 3 na kidogo kwa ngozi nyeupe. Ni msaada, ila jua letu la karibu na ikweta ni kali mno, na madoa ya mashavuni huchochewa hata na mwanga wa kawaida unaoonekana kwa macho. Huo haukingwi na kinga jua ya kawaida. Unahitaji ile yenye rangi ya kahawia, iliyotiwa oksidi ya chuma. Bahati nzuri hiyohiyo ndiyo isiyoufanya uso uonekane umepakwa unga. SPF 30 inatosha, mradi ipakwe ya kutosha: mistari miwili ya urefu wa vidole kwa uso na shingo.

Kosa la mwisho lilikuwa la mahali. Mama mdogo alitaka kuchagua krimu kwa kuijaribu pale Kariakoo, kwenye hewa iliyojaa unyevu wa bahari, ambako uso wake haukuwa unavuta hata kidogo. Krimu nyepesi iliyompendeza Dar isingemaliza siku mbili kwenye upepo mkavu wa Makambako mwezi Julai. Hewa ikiwa kavu, glisarini peke yake haina maji ya kuvuta kutoka nje. Inahitaji kifuniko juu yake. Na glisarini ya chupani isipakwe tupu, ichanganywe na maji.

Tukarudi sokoni, duka jingine. Alinunua krimu isiyo na manukato yenye seramaidi na yurea kidogo, ambayo wengi wanaijua kwenye krimu za visigino, kopo la mafuta ya mgando kwa usiku, na kinga jua ya kahawia. Vyote vitatu havikufika nusu ya ile 85,000. Nilimwonyesha kupaka krimu kiasi cha njegere, uso ukiwa bado mbichi kwa maji, kabla dakika tatu hazijapita, na kushuka hadi shingoni ambako watu husahau.

Baada ya wiki tatu alinipigia. Uso hauvuti tena, lakini kopo la krimu limekaribia kuisha, na mimi nilimwambia litafika miezi miwili. Nikamuuliza anapaka kiasi gani.

"Cha njegere, kama ulivyosema. Ila baba yako mdogo amegundua lilipo. Anajipaka visigino."