Kufundisha Kusoma Majibu ya Kipimo cha Mgandamizo katika Injini Kuukuu

Makala haya yanakusudia kumsaidia mwalimu wa ufundi wa magari katika jambo moja ambalo huonekana dogo, nalo ni namna ya kumwongoza mwanafunzi kusoma majibu ya kipimo cha mgandamizo, ambacho mafundi wetu hukiita kompresheni. Kupima kwenyewe mwanafunzi hujifunza kwa asubuhi moja. Kuyafasiri majibu ndiko kunakohitaji mwalimu.

Katika kisiwa cha Unguja gari huishi umri mrefu. Land Rover za zamani, na malori yaliyojengewa bodi za mbao ili kuchukua abiria wa shamba, zilitumika miaka mingi baada ya kutoka kiwandani. Na hata leo gari nyingi zinazoteremshwa bandarini ni zile zilizokwisha kutumika kwingine. Vipuri navyo huvuka bahari. Kwa hiyo fundi anayemwambia mwenye gari, "Injini imekufa, tuifungue," anatoa hukumu nzito. Dereva wa gari ya abiria ya Makunduchi au Nungwi hupoteza riziki kila siku ambayo injini yake imelala mezani. Iwapo kasoro ilikuwa ni vali moja isiyofunga sawasawa, hasara hiyo imetokana na fundi kukisia badala ya kupima.

Msingi wa somo

Mwalimu na aanze na kitu ambacho kila mtoto wa Unguja anakijua, yaani pampu ya baiskeli. Mwanafunzi azibe tundu kwa kidole na kusukuma mpini. Atahisi mambo mawili: hewa inasukuma kidole, na pampu inapata moto. Kisha aelezwe kwamba pistoni katika silinda hufanya kazi hiyo hiyo. Injini ya petroli ya Land Rover ya sentimita za ujazo 2,286 ilitengenezwa kwa uwiano wa mgandamizo wa 7 kwa 1, na baadaye 8 kwa 1. Maana yake ni kwamba hewa iliyojaza nafasi ya sehemu saba au nane husongwa ikaenea katika sehemu moja tu.

Hapa mwanafunzi hodari atauliza swali. Kanio la hewa ya kawaida ni karibu ratili 14.7 kwa inchi ya mraba. Ukizidisha mara 7 utapata 103, na kwa kuwa geji huanza kuhesabu juu ya kanio la hewa, ingepasa kuonyesha 88. Mbona injini nzima ya namna hii huweza kuonyesha 120 au zaidi? Jibu limo katika joto la ile pampu: hewa inayosongwa kwa haraka hupata moto, na moto huongeza kanio. Mwanafunzi aliyelifahamu hili hatazikariri tarakimu kama kasida, bali atajua zinakotoka.

Masharti ya kupima

Tarakimu haina thamani ikiwa kipimo hakikufanywa kwa haki. Mwalimu asisitize yafuatayo:

1. Injini iwe imepata moto wa kazi, na betri iwe imejaa.
2. Nafasi za vali zihakikishwe kwanza. Vali iliyobanwa mno haikai kitini, na silinda huonekana mbovu ilhali ni nzima.
3. Plagi zote zitolewe na koili ikatwe umeme, ili cheche isiwashe mvuke wa petroli.
4. Mafuta yakanyagwe hadi mwisho ili hewa ipite wazi katika kabureta.
5. Kila silinda izungushwe idadi ile ile ya mipigo, kama mitano au sita. Mwanafunzi aandike tarakimu ya mpigo wa kwanza na ya mwisho.

Geji ya injini ya petroli isitumiwe katika injini ya dizeli, ambayo huweza kupita ratili 400.

Kuyasoma majibu

Kanuni inayotumika sana ni kwamba silinda ya chini kabisa isipungue asilimia 75 ya ile ya juu kabisa. Kanuni hii ni nzuri, lakini haitoshi peke yake. Tutazame mifano mitatu ya darasani, kwa injini ya silinda nne.

Mfano wa kwanza: 130, 125, 80, 128. Asilimia 75 ya 130 ni 97.5, silinda ya tatu imeanguka. Sasa itiwe kijiko kimoja cha chai cha oili kwa tundu la plagi, na ipimwe tena. Oili huziba kwa muda nafasi iliyo baina ya ringi na ukuta wa silinda, lakini haiwezi kuziba vali. Ikipanda hadi 120, ringi ndizo zinazovujisha. Ikibaki 85, shaka iende kwenye vali au gasketi.

Mfano wa pili: 128, 70, 72, 126. Silinda mbili zilizopakana zimeanguka pamoja, na oili haikuzisaidia. Shaka ya kwanza ni gasketi ya hedi iliyoungua baina yao. Hapa hedi hufunguliwa, lakini pistoni huachwa mahali pake.

Mfano wa tatu: 95, 92, 96, 90. Kanuni ya asilimia 75 imetimizwa, na mwanafunzi mwenye pupa ataandika "nzima". Lakini zote ziko chini. Ikiwa oili inazipandisha zote, injini imechakaa kwa jumla. Ikiwa haizipandishi, aulize kwanza: je, starta ilizungusha polepole? Je, mafuta yalikanyagwa? Je, mnyororo wa kamu umeruka meno?

Tarakimu za mpigo wa kwanza nazo husema. Silinda inayoanza chini kisha ikapanda kidogo kidogo aghalabu ina ringi dhaifu. Inayoanza chini na kubaki chini aghalabu ina vali mbovu. Nayo silinda inayozidi kipimo cha kitabu cha mtengenezaji isisifiwe: huenda masizi yameganda juu ya pistoni na kupunguza nafasi ya hewa.

Kutafuta shahidi wa pili

Waswahili husema dalili ya mvua ni mawingu, lakini si kila wingu huleta mvua. Kabla ya kufungua injini, mwanafunzi atafute ushahidi mwingine. Pistoni ikiwa juu na vali zote zimefungwa, ipulizwe hewa kwa tundu la plagi, kisha asikilize. Mlio katika eksozi ni vali ya kutolea moshi. Katika kabureta ni vali ya kuingizia. Katika mdomo wa kutilia oili ni ringi. Mapovu katika rejeta ni gasketi.

Njia ya kufundishia

Mwalimu asitoe jibu mapema. Awape wanafunzi karatasi ya tarakimu, na kila kundi liandike mambo matatu: tumeona nini, tunashuku nini, na kipimo gani kitatuhakikishia. Alama nyingi zitolewe kwa swali la tatu. Mwanafunzi aliyekisia sawa bila ya hoja asipewe alama sawa na aliyefika kwa hoja, kwani kesho gari nyingine itamshinda.

Tukifundisha hivyo, kijana atakayetoka skulini mwetu hatafungua injini ya mtu ili kujua kilichomo. Ataifungua akiwa amekwisha kujua, na mwenye gari ataelezwa sababu kabla ya kutoa fedha yake.